Wateja Wote wa Jibini Wanaishi 00000

Nyuma ya mlango wa chumba cha jibini, huko Mudende, kuna msumari, na kwenye msumari huo zimechomekwa karatasi za oda. Nilikuwa nimepanda huko kwa habari nyingine kabisa, ya bei ya maziwa, nikawa nazipekua karatasi zile huku mwenye mali akigeuza jibini zake rafuni, moja baada ya moja, kama jibini changa inavyotaka. Kila karatasi ina jina la mnunuzi, simu, uzito na fedha iliyolipwa. Chini kabisa kuna mstari wa msimbo wa posta. Mnunuzi wa Kigali, 00000. Wa Musanze, 00000. Hoteli ya ufukweni Gisenyi, 00000. Nyumba ya masista, 00000. Mmoja tu alijitenga na wenzake. Aliandika 90210, namba ya mitaa ya matajiri ya Beverly Hills, California, ambayo naapa aliiokota kwenye ile tamthilia ya televisheni ya miaka ya 1990.

Nikamuuliza mzee wa jibini watu hawa wanaishi wapi. Akasema wanaishi kwao. Nikamwonyesha zile sifuri. Akainama, akazitazama, akarudi kwenye rafu yake.

“Hizo ni za kompyuta,” akasema. “Muulize fundi.”

Habari ya bei ya maziwa iliishia hapo.

Fundi ni mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Mudende, mkazi wa Gisenyi mjini, ambaye kazi yake ni kuwajengea wafanyabiashara wadogo maduka ya mtandaoni. Aliniomba nisimtaje jina, kwa kuwa bado anategemea kazi kutoka kwa baadhi ya watu anaowasema. Alisomea kompyuta Kigali, katika chuo kikuu cha Waadventista ambacho kilifunguliwa papa hapa Mudende mwaka 1984, kikafungwa na maafa ya 1994, kikafufukia Kigali. Wengi wetu tulio nje ya Rwanda jina la Mudende tulilisikia kwanza kwa mabaya, ile kambi ya wakimbizi wa Kikongo iliyoshambuliwa mara mbili mwaka 1997. Leo anayepanda huku akitokea barabara kuu ya Musanze na Rubavu anakutana na viazi, kabichi, mawe meusi ya volkano na madumu ya maziwa juu ya baiskeli.

“Kaka, ile fomu ilikuwa na nyota nyekundu,” fundi aliniambia tulipoketi. “Unazijua zile nyota? Penye nyota usipojaza, hulipi. Mtu ana hela yake, anaitaka jibini, mzee naye anataka kuuza. Halafu katikati yao kuna mashine inasema: ngojeni kwanza, huyu aniambie kitu ambacho nchini mwake hakipo.”

Tovuti ya kwanza ya mzee, ile iliyotoa karatasi zile za sifuri, hakuijenga fundi huyu. Ililetwa na mradi mmoja wa wafadhili, nao ulichagua programu ya kukodi ya ng’ambo kwa sababu, kwa maelezo ya fundi, aliyeichagua alikuwa ameizoea kwao. Mradi uliisha, picha za uzinduzi zikabaki ukutani, tovuti ikabaki na nyota zake. Wanunuzi wakaanza kuhangaika. Wapo walioandika BP na namba ya sanduku la posta la ofisini kwao. Fomu ikakataa, haitaki herufi. Wapo walioandika 250, tarakimu za kuipigia simu Rwanda kutoka nje. Ikakataa, inataka tano. Mmoja aliandika tarakimu tano za mwanzo za kitambulisho chake, fundi akashtuka alipoziona, kwa sababu hizo zina mwaka wa kuzaliwa ndani yake. Mwishowe mtu fulani, hakuna anayemjua, akajaribu sifuri tano. Mlango ukafunguka. Akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia shemeji yake, na baada ya muda mzee mwenyewe akawa anawaelekeza wateja kwenye simu: ukifika pale chini, weka sifuri, sifuri, sifuri, mpaka inyamaze.

Tarakimu tano ni desturi ya posta ya Marekani, iliyoanza Julai 1963 ili barua zichambuliwe upesi. Ni utaratibu mzuri kwa nchi iliyouanzisha. Tanzania nayo ina postikodi ya tarakimu tano, na wasomaji wa huko watakumbuka mwaka 2022, kabla ya sensa, jinsi vibao vya mitaa na namba za nyumba vilivyopandwa hadi vijijini. Kigali kuna barabara zenye herufi KN, KG na KK, na mji unazitumia. Lakini Mudende ukimuuliza mtu namba ya nyumba yake atakuonyesha nyumba.

Nilidhani kisa cha sifuri ni cha kuchekesha tu. Fundi hakucheka.

“Unajua zile sifuri zilikuwa zinamgharimu mzee?”

Programu ile ilikuwa inapiga hesabu ya usafirishaji kwa kufuata msimbo wa posta. Eneo hili bei hii, eneo lile bei ile. Sifuri tano haziko katika eneo lolote, kwa hiyo kila oda iliangukia kwenye fungu la mwisho, la mahali pengine popote duniani, na mnunuzi wa Gisenyi, anayeweza kufikiwa na pikipiki, alitajiwa nauli ya kigeni kwa dola. Watu wakaacha jibini kapuni na kuondoka. Kijana aliyekuwa akiisimamia tovuti wakati ule akaona njia ya mkato, akaandika kwamba usafirishaji ni bure kwa wote. Tangu siku hiyo mzee akawa analipia mwenyewe vifurushi vya basi kwenda Kigali, na pikipiki kutoka stendi, na barafu. Hakujua kwamba amejitolea. Alidhani biashara ya mtandao ndivyo ilivyo, mauzo yanapanda na hela inapungua.

“Ule uongo mdogo wa chini ya fomu,” fundi akasema, “ulikuwa unakula faida. Na kila mtu aliyeandika uongo ule alikuwa mtu mkweli.”

Alipopewa kazi ya kuijenga upya, hakuanza na rangi wala picha. Alianza na swali la anwani, na humo alizama kuliko alivyotarajia. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kizalendo. Rwanda ina ngazi zake, na kila raia anazijua tangu shuleni: mkoa, wilaya, umurenge, akagari, umudugudu. Kwa nini kapu la Mudende liulize maswali ya California wakati serikali imeipanga nchi vizuri hivi? Akatafuta orodha, akaiingiza yote. Wilaya 30, imirenge 416, utugari 2,148, imidugudu 14,837. Mnunuzi anachagua mkoa, zinafunguka wilaya zake. Anachagua wilaya, inafunguka imirenge. Hivyo hivyo hadi kijijini kwake. Kwenye kompyuta yake Gisenyi ilipendeza. Aliniambia aliitazama usiku ule kwa fahari, akamwita dada yake aje aione.

Kisha akapanda nayo Mudende, akampa simu binti wa mzee, simu ya kawaida yenye bando dogo, akamwambia: nunua jibini. Ukurasa ukawa unafunguka, unafunguka, unafunguka. Binti akamaliza kusuka nywele za mdogo wake. Na ulipofunguka, likazuka tatizo jingine ambalo hakuliwaza. Binti alitaka kujaribu kama mtu anayemtumia jibini mama mkwe Nyamata, na hakujua mama mkwe anakaa akagari gani. Nani anajua akagari ka mama mkwe?

Zaidi ya hapo, dereva wa pikipiki hahitaji umudugudu. Anahitaji kujua asimame wapi na ampigie nani. Fundi akafuta ngazi zote, akabakiza moja, umurenge, kwa ajili ya kupiga nauli. Akaacha jina na simu. Kisha akaweka kisanduku kimoja kitupu chenye swali kwa Kinyarwanda: dereva akifika wapi akupigie?

Hicho kisanduku ndicho kilichonifanya niombe kikombe cha pili cha chai. Fundi alinisomea majibu kutoka kwenye simu yake, akiruka majina. Kwenye geti la bluu mkabala na kituo cha afya, lakini mbwa si wa kwetu. Ukiona mikaratusi mitatu umepita, rudi. Niko kanisani hadi saa sita, usipige, tuma ujumbe. Mwachie muuza vocha, ananijua. Mpe mlinzi wa zamu ya mchana, wa usiku hapana. Kwangu kisanduku kile ni ramani ya nchi iliyochorwa na walaji wa jibini, na hakuna programu ya kuisoma isipokuwa dereva. Nauli sasa inalipwa na mnunuzi, kwa mafungu manne aliyoyapanga fundi mwenyewe, na mzee ameacha kuhudumia Kigali nzima bure.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo bila shaka wenye maduka wengi wanajiuliza: katika programu zote hizi za kapu, unachaguaje?

“Watu wananiletea orodha ndefu ya vitu ambavyo programu inaweza kufanya,” alisema. “Hiyo orodha mimi siisomi. Nauliza inaniruhusu kufuta nini. Kama siwezi kufuta swali, siwezi kuitumia. Kila swali ambalo mteja hana jibu lake, atalijibu kwa uongo, na uongo una pa kwenda.”

Kwa kipimo hicho amezipima zile kubwa. Shopify anaisifu kuliko nilivyotarajia: inawaka haraka, haisumbui, mtu asiye fundi anaweza kuiendesha. Ni kampuni ya Kanada iliyozaliwa na duka la kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji mjini Ottawa mwaka 2004, wenyewe walipokosa programu ya kuwafaa na kuandika yao. Lakini kifurushi chake cha kawaida, ukilipa mwezi kwa mwezi, ni dola 39, zaidi ya faranga 50,000, uuze usiuze. Huduma yake ya malipo haipo Rwanda, na asiyeitumia hukatwa asilimia 2 juu ya kila mauzo katika kifurushi hicho, mbali na makato ya huyo atakayempokelea fedha. Kwa hoteli, fundi anasema, sawa. Kwa mzee wa jibini ni kumpangia nyumba asiyoweza kuitoboa ukuta.

Kwa mzee alichagua WooCommerce, ambayo ni nyongeza ya bure juu ya WordPress, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ilitoka mwaka 2011 kwenye kampuni ndogo ya vijana watatu, wawili kati yao Waafrika Kusini, kabla ya kununuliwa na Wamarekani wa Automattic mwaka 2015. Fundi hajali sana uraia wake. Anachojali ni kwamba ndani yake kila nchi inaweza kuwa na mistari yake. Ukichagua Uganda, msimbo wa posta unatoweka wenyewe na fomu inauliza wilaya.

“Kuna mtu aliketi akaandika hivyo,” alisema. “Hakuandika barua ya malalamiko. Aliandika mistari minne. Hiyo ndiyo programu ninayoitaka, ile ambayo hasira yangu inaweza kuwa mistari minne.”

Bure, hata hivyo, ina bili zake. Kuna jina la tovuti linalolipiwa kila mwaka, kuna seva, kuna nyongeza za kulipia zinazouzwa kwa dola, kuna masasisho ambayo usipoyafanya unavunjiwa na wezi na ukiyafanya ovyo duka linalala chini siku ya soko. Fundi anamtoza mzee kidogo kwa mwezi. Alinitajia kiasi, akaniomba nisikiandike wateja wengine wasije juu.

Kuhusu malipo hakukuwa na mjadala mrefu. MTN ilileta MoMo, huduma yake ya fedha kwa simu, Rwanda mwaka 2010, na leo namba za kulipia zimebandikwa madukani, kwenye meza za wauza nyanya, kwenye pikipiki. Kapu lisilojua MoMo halina kazi hapa. Ila kuunganisha MoMo na kapu ndiko kulikomzeesha, anasema. Mnunuzi anabonyeza kulipa, simu yake inaruka na ujumbe wa kumtaka namba ya siri, naye labda yuko kwenye basi penye mtandao wa kubahatisha. Muda unakwisha. Kapu linasema hajalipa. Dakika chache baadaye fedha inaingia. Sasa kuna fedha isiyo na oda na oda isiyo na fedha, na mzee anaamini simu yake, haamini tovuti. Fundi amemfundisha binti kulinganisha ujumbe wa MoMo na oda kila jioni, kwa kalamu. Ni ile kazi ya daftari ambayo tovuti iliahidi kuiondoa.

Na kuna uzito. Hili ni jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, na limenikaa kichwani karibu sawa na zile sifuri. Kapu la mtandaoni linajua kuzidisha. Bei mara idadi. Shati moja, mashati mawili. Jibini ya mzee ni ya mviringo, aina ya gouda inayojulikana sana huku upande wa Gishwati, na hakuna mbili zenye uzito mmoja. Hii kilo moja na gramu mia tatu, ile kilo mbili kasoro. Fundi alimwomba mzee azikate vipande vya nusu kilo sawasawa. Mzee alikataa. Jibini ikishakatwa, alisema, imeanza kufa, nami sitaiua ili kompyuta ipate raha.

Penye kadi za benki kuna ujanja: unazuia kiasi cha kukadiria kwenye kadi ya mnunuzi, unapima, kisha unachukua kile hasa. MoMo ya mnunuzi wa kawaida haina subira hiyo. Namba ya siri ikishaingia, hela imeondoka. Ukikosea juu unamrudishia mteja na makato yanakula. Ukikosea chini unaanza kumdai mtu aliyekwisha kula jibini. Fundi alizunguka na tatizo hili muda mrefu, mpaka akaamua kulitatua kwa njia ambayo mwalimu wake wa chuo asingeipenda. Kila jibini ni bidhaa peke yake. Ina namba yake, uzito wake, picha yake, na idadi yake ghalani ni moja. Binti anapima, anaandika namba kwa kalamu kwenye kikaratasi, anapiga picha, anaweka. Ikinunuliwa, inatoweka dukani na hairudi tena.

Kumbe watu wameipenda. Wanachagua jibini kwa sura. Wapo wanaotaka yenye ganda jeusi zaidi, wapo wanaorudi kuuliza ile namba fulani imekwenda kwa nani. Ila ikazaa ugomvi mwingine: watu wawili kapuni, jibini moja. WooCommerce ina mpangilio wa kuishikilia bidhaa kwa mnunuzi ambaye bado hajalipa, na yenyewe inakuja imewekwa dakika 60. Kwa shati ni sawa. Kwa jibini pekee ya aina yake, saa nzima ya kumngoja mtu aliyekwisha badilisha mawazo ni mateso. Fundi ameishusha hadi kumi. Mteja mmoja wa Kigali bado amenuna.

Hapa nikumbushe kwamba kapu lenyewe ni uzushi wa juzi. Mtandao wa mwanzo haukuwa na kumbukumbu. Kila ukurasa ulipofunguliwa seva ilikuona mgeni. Mwaka 1994, Lou Montulli wa Netscape alibuni vile vifaili vidogo vinavyoachwa kwenye kifaa cha mnunuzi, na mojawapo ya kazi za kwanza zilizomsukuma ilikuwa hiyo hiyo, duka lililotaka kapu likumbukwe bila seva kubeba mzigo. Kapu likawa linaishi kwenye kifaa cha mtu. Wazo hilo lina dhana ndani yake, kwamba kila mtu ana kifaa chake. Mudende simu inaazimwa. Fundi aliwahi kupigiwa na mama mmoja aliyekuta jibini mbili kwenye simu yake na kudhani ameibiwa. Zilikuwa za jirani, aliyeazima simu juzi yake, akachagua, akaishiwa bando. Jirani naye hakutaka ijulikane kwamba anakula jibini mbili.

Sheria nayo ina mkono humu. Tangu sheria namba 058/2021 ya kulinda taarifa binafsi, mwenye duka hatakiwi kukusanya asichokihitaji, na fundi ameifanya fimbo yake ya mazungumzo. Mfadhili akidai fomu iulize jinsia, umri na kiwango cha elimu cha mnunuzi wa jibini, anamtajia sheria. Hajaisoma yote, alikiri, lakini na wao hawajaisoma. Kuhusu kodi hana fimbo. Risiti inayotolewa na kapu si risiti mbele ya mamlaka ya mapato. Lazima iwe ya EBM, mfumo wa mamlaka hiyo wa risiti za kielektroniki, kwa hiyo kila mauzo binti anayaandika mara ya pili. Mamlaka inaruhusu programu za wafanyabiashara kuunganishwa na mfumo wake, ila kuna kuidhinishwa kwanza, na fundi amepiga hesabu akaona jibini za mzee hazilipii safari hiyo.

Nilimuuliza kama duka lenyewe linastahili taabu yote hii. Jumia, kampuni ya maduka ya mtandaoni, pamoja na mitaji yake, ilifunga Tanzania Novemba 2019 na Rwanda Januari 2020. Mwaka 2018 Jack Ma alikuja Kigali na Alibaba yake, na Mei 2020 balozi wa Rwanda nchini China akauza mifuko 3,000 ya kahawa kwa muda mfupi kuliko wa kuichemsha, kwenye matangazo ya moja kwa moja. Hiyo ni kahawa, na ni China. Mzee wa Mudende ana WhatsApp, ambayo tangu 2019 ina katalogi na tangu mwishoni mwa 2020 ina kapu lake, bila nyota nyekundu, bila seva, bila fundi.

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

“Oda nyingi zinapitia WhatsApp, kaka. Nisikudanganye. Mtu anaitazama tovuti, anachagua namba ya jibini, anakuja kuagiza kwenye WhatsApp. Lakini hoteli haimwamini mtu asiye na tovuti. Anayenunua huko amekwisha tazama huku. Sasa niambie wewe, hayo ni mauzo ya tovuti au si ya tovuti?”

Sikuwa na jibu. Mzee, nilipomuuliza baadaye, alisema yeye hajali yanapitia wapi, ila anataka ile picha ya ng’ombe ibaki pale juu.

Kuna wateja ambao kapu halijawafikia kabisa, nao wako karibu kuliko wote. Goma iko ng’ambo ya mpaka, watu wanavuka Petite Barrière kwa miguu, wananunua na kuuziana kwa Kiswahili, na Wagoma wanaipenda jibini. Wanalipa kwa dola, kwa huduma za simu za Kongo, ambazo kapu la mzee halizijui. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma Januari 2025 na benki kufunga milango, dola yenyewe imekuwa taabu kuipata. Fundi alikuwa ameanza kuandika ukurasa wa Kiswahili kwa ajili yao. Umebaki nusu. Aliniuliza kama ningeendelea nao ningekuwa yeye, nami nikamrudishia swali.

Tulipokuwa tukiagana, binti wa mzee alikuja na daftari. Alitaka kujua neno la siri la tovuti, la seva, na la yule mwenye kusajili jina, ambalo nilitambua hapo kwamba limesajiliwa kwa barua pepe ya fundi. Fundi akamwambia ataandika yote, wiki ijayo, akitulia.

“Ulisema hivyo kabla ya Krismasi,” binti akasema.

“Nitaandika.”

“Na ukiolewa Kigali?”

“Nitaandika, mdogo wangu. Usimwambie mzee.”

Mzee alikuwa mlangoni, na alikuwa amesikia. Akamuuliza fundi kama duka ni lake au ni la fundi. Fundi akasema ni lako, mzee. Mzee akasema basi nipe ufunguo, na fundi akaanza kumweleza kwa nini neno la siri si kitu cha kuandikwa kwenye daftari linalokaa jikoni, na mzee akamuuliza likae wapi basi, na mabishano hayo niliyaacha yakiendelea kwa Kinyarwanda, upesi kuliko ninavyoweza kufuata.